Shahada ya Pili ya Elimu ya Awali

Nchi ninayoieleza ina jina, lakini Sheria ya Ulinzi wa Jina la Nchi inakataza kulitaja bila kibali. Niliomba kibali. Nilijibiwa kwamba ombi langu limepokelewa, na kwamba nisichanganye kupokelewa na kusomwa. Kwa hiyo nitasema "nchi" tu. Raia wema wataelewa kuwa si yao.

Katika nchi hiyo palikuwa na mwalimu wa darasa la awali aitwaye Siwema Lugendo. Alikuwa amefundisha katika Shule ya Mkorosho Mmoja kwa miaka kumi na tisa. Darasa lake lilikuwa na watoto sitini na watatu, wa miaka minne hadi sita. Wakitoka kwake walijua kuhesabu hadi mia, kufunga vifungo vya mashati, kusubiri zamu na kusema wanachokiona. Hakuna aliyelalamikia hilo la mwisho hadi siku Mkuu wa Nchi alipoitembelea shule.

Mkuu alikuja kufungua choo. Choo hicho kilikuwa kimefunguliwa na Waziri mwaka uliotangulia, na Naibu wake mwaka wa kabla ya huo. Hata hivyo hakikuwa na mlango, hivyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama kimefunguliwa au hakijafunguliwa. Mkuu alikata utepe, akapigiwa makofi, akaingia darasani kuwasalimu watoto.

Ukutani ilitundikwa picha yake rasmi, iliyopigwa miaka thelathini na moja iliyopita. Mtoto mmoja wa miaka mitano, jina lake Tunu, aliitazama picha. Akamtazama mgeni. Akairudia picha.

"Mwalimu," akasema, "siye. Yule ana nywele."

Mkuu alicheka. Wapambe wake walicheka naye; alipoacha, nao wakaacha. Kabla ya jua kuzama redio ilikuwa imetangaza kuundwa kwa Tume.

Tume ilifanya kazi kwa miezi minne na ikahoji watu mia mbili na kumi. Haikumhoji Tunu, kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Ripoti yake ina kurasa mia sita na hitimisho la sentensi moja: "Tofauti iliyoonekana kati ya picha na Mkuu wa Nchi imesababishwa na kiwango duni cha elimu ya mwalimu."

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Itikadi na Upimaji akaitisha waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumejiuliza kwa uchungu mkubwa. Rubani anasoma miaka mingapi? Daktari anasoma miaka mingapi? Sasa huyu tunayemkabidhi ubongo wa taifa ukiwa bado mbichi, huyu anasoma miaka mingapi? Miwili! Miwili, ndugu zangu! Ninatamka leo, na ninajua ninachotamka. Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi wa tisa mwakani, hakuna mtu atakayesimama mbele ya mtoto wa nchi hii bila shahada ya uzamili. Asiye nayo ataondoka. Nafasi yake itachukuliwa na aliye nayo."

Mwandishi mmoja aliuliza ni uzamili wa nini. Waziri alijibu kwamba uzamili ni uzamili. Mwandishi huyo sasa anaandika habari za hali ya hewa.

Siwema alikuwa na cheti, stashahada na shahada ya kwanza, ambayo aliisoma wakati wa likizo kwa miaka sita mfululizo. Waziri alikuwa amevihesabu vyote kuwa miaka miwili. Siwema hakubishana. Hakutaka kuitwa msomi. Alitaka darasa lake, na njia ya kulibakiza ilikuwa moja. Akaenda kuomba nafasi ya kusomea Shahada ya Uzamili ya Elimu ya Awali.

* * *

Chuo Kikuu cha Taifa kiko juu ya kilima, ndani ya uzio. Langoni pana kibao: WATOTO HAWARUHUSIWI. Chini yake pana kingine: KITIVO CHA ELIMU YA AWALI, NYOOSHA MOJA KWA MOJA.

Fomu ya maombi ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba aliwahi kuwa mtoto. Siwema aliambatisha cheti cha kuzaliwa. Msajili wa Chuo, Bwana Dionisi Kihwelu, alikigeuza mara mbili, akamrudishia.

"Mama, hapa tunaona kwamba ulizaliwa. Hatuna ubishi na hilo. Baada ya hapo ulikuwa nani?"

"Nilikuwa mtoto."

"Una shahidi?"

"Mama yangu."

"Mama yako ana maslahi."

Ilimbidi alete barua ya mtendaji wa mtaa, iliyothibitisha kwamba katika miaka husika mwombaji alionekana mara kadhaa akilia hadharani kwa sababu zisizo za msingi. Msajili akaridhika. Akagonga muhuri, akagonga muhuri wa kuthibitisha muhuri, na Siwema akawa mwanafunzi.

Msimamizi wake alikuwa Profesa Alfani Mtasingwa, mtaalamu mkuu wa watoto nchini. Alikuwa ameandika vitabu kumi na kimoja kuhusu mtoto. Alikuwa amehama nyumba mara tatu ili akae mbali na shule, kwa sababu ya kelele. Ofisini kwake palikuwa na mwanasesere wa plastiki ndani ya kabati la kioo, mwenye kibandiko kilichoandikwa "Mtoto". Wanafunzi waliruhusiwa kumchunguza kila Alhamisi, wawili wawili, bila kumgusa. Profesa alimpenda kwa sababu hakuwahi kupinga nadharia yoyote.

Asubuhi Siwema alifundisha watoto wake. Mchana alipanda kilima kusoma Nadharia ya Mtoto, Mtoto na Itifaki, Historia ya Kukaa Kimya, na Upimaji wa Watoto Wasiokuwepo. Katika mhadhara wa kwanza Profesa alisimama, akarekebisha tai, akasema:

"Andikeni. Mtoto ni raia ambaye bado hajakamilisha taratibu."

Wote wakaandika. Siwema akanyoosha mkono.

"Profesa, mtoto akijikojolea katikati ya somo, nadharia inasemaje?"

"Anajikojolea kwa lengo gani?"

"Hana lengo, Profesa. Anajikojolea tu."

"Basi huyo hayumo katika nadharia."

"Kwangu wako wanne."

Darasa likacheka. Profesa alisubiri hadi kicheko kikajionea aibu.

"Mwalimu Lugendo," alisema, "uzoefu ni kikwazo kikubwa cha usomi. Jitahidi kuusahau. Wenzako hapa wamefanikiwa."

* * *

Siwema alitaka kutafiti jinsi watoto wa miaka minne wanavyojifunza kuhesabu kwa vizibo vya soda. Aliandika hivyo juu ya ukurasa wa kwanza. Profesa alisoma, akavua miwani, akasikitika kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

"Mbona fupi hivi? Mtu anaisoma, anaielewa. Sasa mtahini abaki na kazi gani?"

Mada ikarekebishwa. Ikawa: *Uchanganuzi wa Kiuhakiki wa Mielekeo Tarajiwa ya Uhesabuji Rejelevu miongoni mwa Raia Chipukizi katika Muktadha wa Ustawi wa Taifa.* Siwema aliuliza vizibo viko wapi. Aliambiwa viko ndani ya "Rejelevu".

Kisha ukaja utaratibu wa kibali. Baraza la Vibali lilimtaka kila mtoto atie saini ya kukubali kutafitiwa. Watoto hawakujua kuandika. Siwema aliomba muda awafundishe. Baraza likajibu kwamba kuwafundisha kabla ya kibali ni kuanza utafiti kabla ya kibali. Akapeleka alama za vidole. Baraza likazipeleka polisi zilinganishwe na za wahalifu. Polisi walijibu kwamba watoto hamsini na wanne hawana rekodi, na kwamba vidole vya tisa waliobaki havisomeki kwa sababu ya uji.

Kibali kilipotoka, Profesa akamwita ofisini.

"Sasa andika matokeo."

"Sijaenda uwandani, Profesa."

"Ndiyo maana nakuambia sasa. Ukishakwenda utachanganyikiwa. Hapa kwetu matokeo huandikwa kwanza, yanapitishwa na Kitivo, ndipo mtu anakwenda uwandani kuyakuta. Utafiti usiojua unakokwenda ni uzururaji, na uzururaji ni kosa la jinai."

Matokeo yaliyopitishwa yalikuwa kwamba watoto wa nchi hii wanahesabu vizuri kuliko watoto wa nchi jirani.

"Lakini sijawahi kuwahesabisha watoto wa nchi jirani," alisema Siwema.

"Ndiyo maana wameshindwa," alisema Profesa.

Siwema akaandika tasnifu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Chuo, kurasa mia tatu. Ya pili ilikuwa ya kweli, kurasa arobaini, na aliiweka mwishoni mwa ile ya kwanza kama Kiambatisho D, mahali ambapo hakuna msomi aliyewahi kufika. Humo alieleza alichokiona. Alieleza, kwa mfano, habari ya mtoto aliyekuwa akiruka saba kila alipohesabu. Sita, nane. Sita, nane. Wiki tatu Siwema alijaribu kila mbinu. Wiki ya nne alimsindikiza nyumbani. Familia yake ilipanga katika nyumba ya vyumba kumi, na mtoto alikuwa amejifunza kuhesabu kwa kupita milangoni. Kwenye mlango wa saba palifungwa mbwa mkali. Mtoto alikuwa akipita hapo mbio, macho yamefumbwa. Siwema alimpa kizibo cha saba akishike mkononi mwake, akakaa naye. Siku ya tatu mtoto alisema saba, kwa sauti ya chini, akaangalia kama kuna kitu kitabweka.

Profesa aliipitisha tasnifu bila marekebisho. Alisifu hasa unene wake.

* * *

Utetezi wa tasnifu ulifanyika tarehe ishirini na nane ya mwezi wa tisa. Zilibaki siku mbili. Watahini walikuwa saba, na mbele ya kila mmoja palikuwa na nakala ambayo kurasa zake bado zilikuwa zimeshikana. Waliuliza maswali kuhusu jalada. Siwema aliyajibu yote. Profesa Mtasingwa alianza kukunja majoho. Ndipo Msajili Kihwelu, aliyekuwa amekaa pembeni kama mlinzi wa kanuni, akainua kalamu.

"Nina swali dogo la utaratibu. Mtahiniwa, shahada unayoomba inaitwaje?"

"Shahada ya Uzamili ya Elimu ya Awali."

Msajili akafungua kitabu. "Kanuni ya nne: shahada ya awali ni shahada ya kwanza. Kanuni ya tano: shahada ya uzamili ni shahada ya pili. Sasa mama, tusaidie. Hii yako ni ya kwanza au ni ya pili?"

"Ni ya pili, Bwana Msajili. Awali hapo maana yake ni watoto."

"Watoto hawatajwi popote katika jina hili. Nimelisoma mara nne."

"Hata mimi," alisema Profesa Mtasingwa kwa mshangao wa dhati, "sijawahi kuona watoto humo."

Mjadala ulichukua saa nne na chai mbili. Mtahini mmoja alishauri mtahiniwa apewe tena shahada ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ya awali, kisha aanze upya safari ya uzamili. Wa pili alisema shahada iliyo ya kwanza na ya pili kwa pamoja ni shahada moja na nusu, na Chuo hakina joho la nusu. Wa tatu alilala. Siwema alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Hatimaye Profesa akasimama, uso wake umeangaza.

"Ndugu zangu, tatizo ni neno moja. Tulibadilishe. Kinyume cha awali ni nini?"

"Mwisho," walijibu.

"Na uzamili si ngazi ya juu? Na ya juu si ndiyo ya mwishoni? Basi iwe Shahada ya Uzamili ya Elimu ya Mwisho."

Watahini walipiga makofi. Aliyelala aliamka, akapiga makofi zaidi ya wote.

"Elimu ya Mwisho ni nini?" aliuliza Siwema.

"Ni elimu wanayopewa walio mwishoni," alieleza Msajili, tayari akiandika. "Wastaafu. Wazee wa Baraza la Ushauri. Kwa shahada hii unaruhusiwa kumfundisha mtu yeyote aliyetimiza miaka sabini. Tena una bahati, mama. Wazee wa Baraza hawana mwalimu tangu wa mwisho afariki. Utapewa ofisi yenye kapeti."

"Na watoto wangu?"

"Watoto ni mwanzo kabisa. Wewe umeshavuka huko."

Karatasi ikasukumwa mbele yake, na kalamu juu yake.

"Nikisaini," alisema Siwema taratibu, kama anayemwelekeza mtoto, "nitarudi darasani kwangu?"

"Ukisaini hutarudi. Usiposaini pia hutarudi. Tofauti ni kwamba ukisaini utakuwa umefaulu."

Siwema aliichukua kalamu. Aliifunika kifuniko chake, akairudisha mezani, akasimama.

"Wapeni wazee salamu zangu," alisema, akatoka.

"Mnaona?" alisema Profesa. "Hawa wa watoto wadogo wana dharau. Nimeandika hivyo katika kitabu cha tisa."

* * *

Tarehe moja ya mwezi wa kumi Siwema alikwenda shuleni kuchukua kikombe chake na sweta. Darasa lilikuwa kimya, na ukimya huo ulimtia hofu kabla hajafika mlangoni.

Mwalimu mpya aliitwa Fortunati Chale. Alikuwa na uzamili wa Usimamizi wa Bandari Kavu, na alikuwa ametafuta kazi kwa miaka sita. Alikuwa amewapanga watoto kwa uzito, wazito chini ya dirisha, wepesi karibu na mlango. Kila mmoja alikuwa na namba ya chaki kifuani. Katikati iliachwa njia pana ya kupitisha winchi. Msichana mwenye namba ishirini na sita alikuwa akilia. Fortunati alisimama mbele yake na mwongozo wa Wizara mkononi, anafunua kurasa.

"Dada," alimwambia Siwema, bila hata kumuuliza ni nani, "huyu analia. Nimeangalia mwongozo wote. Hakuna kulia."

"Umemuuliza?"

"Inaruhusiwa?"

Siwema akachuchumaa. "Nini, mama?"

"Kanitoa kwa Zaituni," alisema mtoto. "Kaniweka kwa wazito. Mimi siyo mzito."

"Siyo mzito hata kidogo," alisema Siwema. Akamgeukia Fortunati. "Mrudishe kwa Zaituni."

"Uwiano wa shehena utaharibika."

"Basi wewe kaa na uwiano. Mimi nitakaa naye."

Fortunati akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika kidevuni. Namba kumi na nne akaja kumgusa masharubu, na yeye hakujua kama amzuie.

"Dada, mimi sikuomba kazi hii," alisema. "Niliomba bandari. Walinipa karatasi, nikaona neno 'kituo', nikadhani ni kituo cha makontena. Nifanyeje? Nikiondoka watamleta mwingine. Jana nilisikia wanaye mwenye uzamili wa milipuko ya migodini."

Siwema aliwatazama watoto sitini na watatu, waliopangwa tayari kusafirishwa. Aliuliza kama shule ilikuwa na nafasi yoyote iliyo wazi. Ilikuwa na moja, ya mhudumu wa usafi. Sifa zilizotakiwa ni akili timamu na fagio lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu tamko la Waziri, Siwema alitimiza sifa zote.

Wakagawana kazi. Fortunati alisaini kitabu cha mahudhurio, aliandika andalio la somo na kuhudhuria semina. Siwema alifundisha, fagio mkononi. Gari la serikali likisikika, fagio lilianza kutembea na Fortunati alianza kuongea. Mtu wa haki lazima aseme kwamba Fortunati alijitahidi. Kufikia mwezi wa pili alikuwa anajua kufunga vifungo vya mtoto bila kuviandikia taarifa.

Mkaguzi wa Wizara alikuja mwezi wa tatu. Aliwakuta watoto wanahesabu hadi mia, wanasubiri zamu, na wanamjibu mtu mzima wakimtazama machoni. Alimpa Fortunati mkono kwa muda mrefu. Aliandika kwamba hapa ndipo faida ya uzamili inapoonekana kwa macho, na akapendekeza Bwana Chale aitwe Chuo Kikuu kutoa mihadhara. Kisha akaona maganda ya machungwa yasiyofagiwa chini ya dawati, na akamsikia mhudumu akiongea. Wiki iliyofuata ikaja barua.

Fortunati aliifungua mbele ya darasa, akaisoma kwa sauti.

"*Kwa Mhudumu S. Lugendo. Yah: Onyo Kali. Umeonekana ukiongea na watoto katika saa za kufagia. Aidha, imebainika kwamba watoto walikujibu. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini wanakujibu. Kuongea na watoto ni kazi ya kitaalamu yenye utaratibu wake. Endapo unaipenda, tuma maombi Chuo Kikuu cha Taifa. Ukirudia, utaondolewa eneo la shule pamoja na fagio.*" Akashusha karatasi. "Dada, tumekwisha. Utawajibu nini?"

Siwema aliichukua barua, akaiangalia mbele na nyuma. Ilikuwa imechapwa vizuri, kwa herufi kubwa kubwa. Akaipaka gundi pembe nne, akaibandika ubaoni kwa kimo cha watoto.

"Sogeeni," alisema. "Mnaojua herufi *a*, nionyesheni hapa."

Wakamiminika.

"Hii hapa, Mwalimu!"

"Na hii! Na hii!"

"Mwalimu, huyu kanisukuma, hiyo *a* niliiona mimi!"

"Mwalimu, na hili duara la bluu ni herufi gani?"

"Huo ni muhuri," alisema Siwema. "Tutaufikia."

Fortunati alikwenda kuufunga mlango.

"Dada, nakuomba," alinong'ona. "Hiyo ni barua ya serikali."

"Ndiyo maana nataka waanze kuisoma mapema," alisema Siwema, akaupisha mkono wa mtoto aliyekuwa ameiona *k*.